Mstari wa T na Jicho la Simu

Saa kumi jioni. Kijiti cha ovulesheni, kile cha kupimia mkojo ili kujua yai linakaribia kutoka, kimelala juu ya karatasi nyeupe kando ya sinki, na simu imehesabu dakika tano kamili. Mistari miwili imetokea. Mstari wa C umekolea wekundu kama kawaida yake. Wa T nao umekolea. Ukiinama kuutazama unalingana na mwenzake, ukiinuka unapauka kidogo. Mwanamke anapiga picha. Programu ya simu ya kusoma vijiti inazunguka sekunde mbili, kisha inatoa namba: 0.74. Chini ya namba kuna neno la Kiingereza la kumwambia kuwa bado.

Anasogea dirishani, anapiga tena. Kijiti ni kilekile, mkojo uleule, dakika ya sita. Namba ni 0.91, na neno limebadilika: kilele.

Aamini ipi?

Swali hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Wanaoliuliza hujibiwa kwa mkato, ama "amini simu" ama "achana na simu", na mwanamke anarudi chumbani na vijiti vyake bila kuelezwa kitu. Kuna ndoa ambazo mwezi mzima hupangwa kwa kufuata namba hiyo. Kuna watu hulia kwa sababu yake. Basi tuanze kwa kujua simu inasoma nini.

## Ndani ya kijiti

Ncha inayochovywa hufyonza mkojo na kuupandisha taratibu, kama utambi unavyopandisha mafuta ya taa. Njiani mkojo unapita penye chembe ndogo mno za dhahabu, ndogo kiasi kwamba macho huziona nyekundu. Chembe hizo zimevishwa kingamwili zinazoshika homoni ya LH, ile inayotoka kwa wingi kwenye tezi iliyo chini ya ubongo kuliamuru yai litoke. Mkojo unazibeba hadi mstari wa T, ambako kingamwili nyingine zimepandwa kuisubiri LH hiyohiyo. Penye LH nyingi, chembe nyingi hunasa na rangi hukolea. Zilizoponyoka hupanda hadi C, na huko hunaswa hata zisipobeba homoni yoyote. C usipotokea, kijiti hakikufanya kazi. Tupa, chukua kingine.

Vijiti vingi vimetengenezwa ili T ulingane na C homoni inapofika karibu 25 mIU/mL (kizio cha wingi wa homoni katika mililita moja ya mkojo). Vipo vya 10, vipo vya 40. Namba hiyo huandikwa kwenye karatasi ya maelezo, na inafaa kutazamwa kabla ya kununua pakiti ya pili.

Hapa wengi wetu tunakosea kwa sababu ya mazoea mema. Kwenye kipimo cha haraka cha malaria tumefundishwa kuwa mstari hafifu ni malaria. Kwenye UPT, kipimo cha mimba cha mkojo, mstari hafifu ukitokea ndani ya muda wake ni mimba. Kwenye kijiti cha ovulesheni mstari hafifu ni hasi, kwa kuwa LH kidogo huwa mwilini karibu siku zote. Chanya ni T uliolingana na C au kuuzidi.

Kwa hiyo jicho linaulizwa swali gumu. Haliulizwi kama mstari upo. Linaulizwa kama wekundu huu ni sawa na wekundu ule, milimita chache pembeni.

## Namba inatoka wapi

Programu haipimi homoni. Inatafuta mistari miwili ndani ya picha, inapima weusi wa kila mmoja ukilinganishwa na weupe wa utando unaouzunguka, halafu inagawa T kwa C. Ikipata 1, mistari imelingana. Ikipata 0.5, T umekolea nusu ya C. Programu nyingi huhesabu kuwa umekaribia kilele cha LH kuanzia 0.8 hivi.

Hiyo ndiyo namba. Ni uwiano wa rangi mbili ndani ya picha moja.

Haimaanishi kwamba 0.5 ni nusu ya homoni ya 1. Rangi haipandi kwa hatua sawa na homoni. Tena LH inapokuwa nyingi sana, T hunasa chembe nyingi na C hubakiwa na chache, hivyo uwiano huruka kwa sababu mbili kwa pamoja: juu ya mstari wa mgawanyo rangi imeongezeka, chini imepungua. Namba 1.8 ya jana na 1.4 ya leo hazikuambii kwamba mwili umepunguza homoni kwa kiasi hicho hasa. Zinakuambia uko juu, na pengine umeanza kushuka.

Ukibadilisha aina ya kijiti katikati ya mzunguko, grafu nzima inavunjika. Kijiti cha 10 na kijiti cha 25 vikichovywa kwenye kikombe kimoja vitatoa namba mbili tofauti, na vyote viwili viko sahihi. Hata pakiti mbili za kampuni moja zenye namba tofauti za bechi zinaweza kutofautiana kidogo. Mzunguko mmoja, pakiti moja, ikiwezekana.

## Kwa nini 0.74 ikawa 0.91

Kamera ya simu hairekodi mwanga kama ulivyo. Inaurekebisha. Chini ya balbu ya njano inajaribu kuufanya ukuta uwe mweupe, na katika kuhangaika huko inapoteza sehemu ya wekundu wa mstari. Penye ukuta wa kijani au pazia la buluu, rangi ya chumba inarudi juu ya kijiti. Gizani kamera inaongeza unyeti na picha inajaa chembechembe, mstari mwembamba unamezwa. Ukiwasha flashi, utando uliolowa unameremeta, na pale panapometameta programu inaona weupe mahali palipo na rangi.

Kivuli cha mkono ndicho adui asiyeonekana. Kikiangukia C peke yake, C unakuwa mweusi zaidi na uwiano unashuka. Kikiangukia T, umepata kilele cha uongo.

Halafu kuna alama. Programu huchora vistari viwili kuonyesha pale inapodhani T na C zipo. Mara nyingi inapatia. Ikikosea hata milimita moja, inapima utando mtupu na kukuambia 0.1 wakati macho yako yanaona mstari. Ikigeuza kijiti juu chini, inagawa C kwa T, na 0.5 ya kweli inakuwa 2. Kabla ya kubonyeza kuhifadhi, hakikisha: T uko upande wa ncha ya kuchovya, C upande wa kushikia. Programu nyingi hukuruhusu kuvuta alama hizo kwa kidole. Zivute.

Kwa hiyo yule mwanamke kando ya sinki hakupata majibu mawili ya mwili wake. Alipata picha mbili.

## Namna ya kupiga ili picha za siku zote zifanane

Tumia kikombe kikavu kisichokuwa na mabaki ya sabuni. Chovya kijiti hadi mstari ulioandikwa MAX, usiupite, kwa sekunde zilizoandikwa kwenye maelezo yake. Vingi huhitaji 3 hadi 10. Kilaze mahali pa bapa. Ukikisimamisha au kukiinamisha, mkojo hupanda kwa kasi tofauti na rangi hutapakaa.

Weka saa. Dakika 5 kwa vijiti vingi. Baada ya dakika 10 usikiamini tena: kikikauka, T unaweza kukolea au kuacha kivuli ambacho hakikuwepo. Kijiti cha asubuhi kilichopigwa picha jioni ni ushahidi wa kukauka, si wa homoni.

Chini yake weka karatasi nyeupe isiyong'aa, ileile kila siku. Simama karibu na dirisha penye mwanga wa kutosha, lakini jua lisikipige moja kwa moja. Zima flashi na vichujio vyote vya kupendezesha picha. Simu iwe juu ya kijiti, sambamba nacho, kama sentimita 15 hadi 20. Ukiisogeza karibu zaidi picha hupoteza umakini na kivuli cha simu hushuka juu yake. Kama programu inataka kijiti kijaze fremu, kuza picha kwanza badala ya kuinama.

Kisha rudia hivyohivyo kesho. Mahali pale, saa ile, karatasi ile.

Mwanga ukikosewa kwa namna moja kila siku, kosa lile linajirudia na mwelekeo wa namba unabaki kuwa wa kweli. Mwanga ukikosewa leo kwa njano na kesho kwa kivuli, umechora grafu ya nyumba yako.

## Joto, maji na saa za kwetu

Pakiti nyingi huandikwa zihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 30 za Selsiasi. Dar es Salaam mwezi Februari, au Mombasa chini ya bati mchana, 30 hupitwa kwa urahisi. Tafuta sehemu yenye ubaridi ndani ya nyumba, mbali na jiko, dirisha lenye jua na bafu. Usivitoe vijiti kwenye mfuko wake wa foili ukavipanga kwenye kopo. Unyevu wa pwani huvimaliza kimyakimya. Chana mfuko pale tu mkojo ukiwa tayari.

Joto lina hila nyingine. Tunakunywa maji mengi, na mkojo ukiwa mweupe kama maji homoni imezimuliwa ndani yake. C utakolea kama kawaida kwa kuwa hautegemei LH, huku T ukififia. Programu itasema umeshuka wakati mwili unapanda. Ushauri wa kawaida ni kupunguza vinywaji kwa saa mbili kabla ya kupima. Usijiadhibu kwa kiu siku ya jua kali. Chagua tu muda ambao mkojo una rangi, na uwe muda huohuo kila siku.

Mkojo wa kwanza wa alfajiri, ambao kwa UPT ndio unaopendelewa, kwa vijiti vingi vya LH si chaguo bora. Mpando wa homoni mara nyingi huanzia kwenye damu alfajiri, na huchukua saa kadhaa kuonekana kwenye mkojo. Kati ya saa nne asubuhi na saa mbili usiku ndipo wengi hupima.

Mwezi wa Ramadhani, kwa anayefunga, saa kumi jioni ni muda mzuri kuliko wote: mkojo umekolea, na futari haijauzimua. Wanawake wanaofunga wana hazina nyingine ambayo programu haina. Siku za kulipa saumu huwafanya wakumbuke kwa uhakika hedhi ilianza tarehe ngapi na twahara ilikuja lini. Ziandike tarehe hizo. Zina thamani kuliko makadirio ya simu.

Na saa yenyewe. Simu inaandika 16:00, daftari linaandika saa 10. Anayepima jioni, akaandika "10" kwenye daftari, kisha usiku akahamishia kwenye programu bila kuwaza, amekisogeza kipimo saa sita nyuma, hadi saa nne asubuhi. Tunazungumza juu ya jambo ambalo hesabu yake, tangu chanya hadi yai kutoka, ni saa 24 hadi 36. Saa sita hapo ni nyingi. Ukipakia picha kutoka kwenye maktaba ya simu, angalia pia kama programu imeandika muda wa kupiga au muda wa kupakia.

## Kilele hujulikana kikishapita

Hapa ndipo imani yangu ilipogeuka.

Nilikuwa naamini kazi kubwa ya programu ni kukupata siku ya kilele. Lakini hakuna programu inayoweza kujua kuwa leo ni kilele mpaka ione namba ya kesho ikishuka. Grafu inapoweka nyota juu ya siku fulani, siku hiyo imekwisha. Anayengoja nyota ndipo amuite mume wake amekula kwenye mkia wa muda.

Mwaka 1995 Allen Wilcox na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 221 waliokuwa wakitafuta mimba. Mimba zote ambazo siku yake iliweza kujulikana zilitokana na kukutana ndani ya siku sita, ya mwisho ikiwa siku yenyewe ya yai kutoka. Hakuna zilizotoka siku iliyofuata. Sababu inajulikana: mbegu za kiume zinaweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku 5, yai lenyewe halizidi saa 24. Mbegu inatakiwa iwe imefika, imekaa, inasubiri.

Kwa hiyo ishara ya kutendea kazi ni chanya ya kwanza. Hata kabla yake, namba ikianza kutoka 0.2 kwenda 0.4, au ute ukianza kuwa mwepesi, wa kuteleza na kuvutika kama ute wa yai la kuku, siku nzuri zimekwisha kuanza. Ukipata chanya ya kwanza, leo na kesho. Usisubiri namba iongezeke ili upendezwe na grafu.

Kwa wengine mpando ni mfupi, chini ya siku moja. Anayepima mara moja tu kila saa nne asubuhi anaweza kuona 0.4 leo na 0.5 kesho, na kilele kikawa kimepita usiku. T ukianza kukolea, pima mara mbili: saa nne asubuhi na saa mbili usiku. Wengine hupanda polepole kwa siku kadhaa, wengine hupanda, wakashuka, wakapanda tena. Programu iliyofundishwa umbo moja la mlima huchanganyikiwa na miili hii, na mwenye mwili huambiwa ana tatizo asilokuwa nalo.

Uzuri wa simu unaonekana hapa, na ni uzuri wa kweli. Jicho halikumbuki wekundu wa jana. Simu inaukumbuka. Picha saba zilizopangwa mstari mmoja, zilizopigwa kwa mwanga mmoja, zinaonyesha mwili wako unavyopanda, na mzunguko wa pili na wa tatu utaanza kuujua mwendo huo. Kwa kijiti kimoja cha leo, macho yako yana haki sawa na kamera. Kwa siku kumi, kamera inakushinda.

## Pale programu inapobuni

Kabla hujapima chochote, programu imeshachora siku zako nzuri kwenye kalenda. Imezitoa wapi? Imechukua wastani wa mizunguko yako, au 28 kama haina kitu, ikapunguza 14. Msingi wake ni wa zamani: mwaka 1924 daktari wa Kijapani Kyusaku Ogino alionyesha kuwa yai hutoka takriban siku 12 hadi 16 kabla ya hedhi inayofuata. Kurudi nyuma kutoka hedhi ijayo ni hesabu nzuri. Shida ni kwamba hedhi ijayo haijaja.

Mwenye mzunguko wa siku 35 huachia yai karibu na siku ya 21. Programu isiyomjua itamwambia apime siku ya 11 hadi 17, pakiti ya vijiti 7 iishe, na akate tamaa siku nne kabla. Kanuni ya kuanza ni kuchukua mzunguko wako mfupi kuliko yote ya karibuni na kutoa 17. Wa 28 anaanza siku ya 11. Wa 35 anaanza siku ya 18. Mwenye mizunguko inayoyumba kati ya 26 na 34 anaanza siku ya 9, na ahesabu vijiti visivyopungua 12. Siku ya kwanza ni siku damu ilipoanza kutoka kama hedhi. Matone ya kahawia hayahesabiwi.

Kwetu siku hizo za kuweza kushika mimba huitwa siku za hatari. Jina limetoka kwa wasiotaka mimba, na wenye kutafuta mtoto hulitumia vilevile. Kwa wasiotaka mimba niseme wazi: usitumie vijiti hivi kujikinga. Kijiti kinapiga kengele saa 24 hadi 36 kabla ya yai, na hatari ilianza siku tano kabla. Kengele inalia mgeni akiwa sebuleni.

Na wapo ambao kalenda ya simu huwaumiza zaidi. Aliyeacha sindano ya miezi mitatu anaweza kusubiri muda mrefu uzazi urudi. Kwa wastani ni kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho hadi kushika mimba. Vijiti vyake vitakuwa vyeupe mwezi baada ya mwezi huku programu ikichora maua kwenye siku ya 14. Anayenyonyesha na hajaona siku zake yuko hivyohivyo. Maua yale ni hesabu tu. Kijiti cheupe ndicho kinachosema ukweli.

## Chanya isiyo na yai

LH ni amri. Amri inaweza kutolewa na yai lisitoke.

Mwenye PCOS, hali ya kuvurugika kwa homoni inayofanya yai lisitoke kwa mpangilio, mara nyingi ana LH iliyo juu siku zote. Kijiti chake ni 0.8 Jumatatu, 1.1 Alhamisi, 0.9 wiki inayofuata, na programu inaweka vilele vitatu kwenye mwezi mmoja. Kijiti chenye kiwango cha juu zaidi kinaweza kumsaidia kidogo, ila kinachomfaa ni kuthibitisha kwa njia nyingine.

Anayemeza klomifeni, dawa ya kuchochea yai litoke, akipima mapema anaweza kupata chanya ya dawa. Asubiri angalau siku 3 baada ya kidonge cha mwisho. Na dawa hii isinunuliwe kwa kuambiwa na shoga, inataka daktari. Aliyechomwa sindano ya hCG, ile homoni ya mimba, atapata chanya kwa siku kadhaa, kwa kuwa homoni hiyo inafanana sana na LH na kijiti hakizitofautishi. Kwa sababu hiyohiyo mimba yenyewe inaweza kugeuza kijiti cha ovulesheni kuwa chanya. Hedhi ikichelewa, chukua UPT.

Uthibitisho wa nyumbani ni joto la asubuhi. Yai likishatoka, homoni iitwayo projesteroni hupandisha joto la mwili kwa nyuzi 0.2 hadi 0.5, na hubaki juu. Pima mara tu unapoamka, kabla ya kushuka kitandani, kwa kipimajoto chenye tarakimu mbili baada ya nukta. Siku tatu mfululizo za juu baada ya chanya ni habari njema. Homa ya malaria, usiku wa msibani usiolala, zamu ya usiku: andika pembeni, usiziingize kwenye hesabu. Hospitali kipimo cha damu cha projesteroni hufanywa kama siku 7 kabla ya hedhi inayotarajiwa. Kwa mzunguko wa 28 ni siku ya 21, na kwa wa 35 ni siku ya 28. Ukitumwa siku ya 21 na mzunguko wako ni wa 35, sema.

## Nani mwingine anaiona grafu

Mwezi Mei 2023, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki kampuni inayomiliki Premom, programu mashuhuri ya kusoma vijiti hivi, kwa kupeleka taarifa za watumiaji kwa makampuni mengine, yakiwemo Google na mawili ya takwimu yaliyoko China, bila ridhaa. Kampuni ilikubali kulipa faini ya dola 100,000 kwa FTC na 100,000 nyingine kwa Connecticut, Oregon na Wilaya ya Columbia. Mwaka 2021 Flo, programu ya kufuatilia hedhi, nayo ilikuwa imefikia makubaliano na FTC kwa jambo la namna hiyo.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ina yake ya 2019. Zote zinaziweka taarifa za afya katika kundi linalotaka uangalizi zaidi. Sheria ni nzuri, lakini kitufe cha simu kiko karibu zaidi. Usiandike jina lako kamili. Katalia programu ruhusa ya mahali ulipo. Kijiti hakihitaji kujua unaishi Tandika. Zima ruhusa ya matangazo. Ukitaka kuondoka, futa akaunti ndani ya programu kwanza, kisha ndipo uiondoe kwenye simu.

Kwa wengi wetu hata hivyo, anayeona grafu hayuko China. Yuko nyumbani. Simu huazimwa: mdogo wako anaangalia mpira, wifi anapiga kwa kuwa vocha yake imekwisha, fundi anaomba namba ya siri. Arifa inayotokea juu ya skrini ikisema siku zako nzuri zimeanza ni maneno ambayo hukuwaambia hata wazazi. Ficha maandishi ya arifa, weka namba ya siri kwenye programu, na picha za vijiti zisikae kwenye maktaba pamoja na picha za harusi.

## Karatasi ya kwenda nayo

Mwenye umri chini ya miaka 35 hushauriwa kumwona daktari baada ya miezi 12 ya kujaribu. Mwenye 35 na zaidi, baada ya miezi 6. Mizunguko isiyoonekana kabisa, au vijiti visivyowahi kukolea kwa miezi mitatu, isisubiri muda huo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 hupitia ugumba katika maisha yake. Foleni ya kliniki unayoiona ina sababu.

Daktari mwenye wagonjwa arobaini hatapekua picha sitini kwenye simu yako. Chukua karatasi moja. Andika tarehe ya kwanza ya hedhi kwa mizunguko mitatu au minne ya mwisho. Mbele ya kila mmoja, siku ya chanya ya kwanza, au "hakuna". Kisha kama joto lilipanda, siku mlizokutana, na dawa zozote ulizomeza, zikiwemo za miti shamba.

Acha safu ya mwisho kwa ajili ya mume: tarehe ya kipimo cha mbegu, ambacho hufanywa baada ya kujizuia siku 2 hadi 7, na majibu yake. Safu hiyo ikiwa tupu, mwombe daktari aanzie hapo, siku hiyohiyo, kabla hujanunua pakiti nyingine ya vijiti.